Kipande cha Nne

Osundwa alikuja Jumatatu, ametumwa kutafuta nafasi.
Diski ya ripoti ilikuwa imejaa pomoni.
Akapiga amri moja, akapiga nyingine, akakunja mikono ya shati,
akaniambia kwa furaha ya mtu aliyeokota noti:
"Dada, kipande cha nne ni kitupu. Hakina hata faili moja.
Giga nne zimelala tu, kama uwanja wa shule mwezi wa Agosti."

Na vidole vyake vilikuwa tayari juu ya ile amri
ya kulima upya, kuchora mistari, kugawa vitalu.

Sikupiga kelele. Niliweka kikombe changu juu ya kibodi yake.
Chai ikatikisika, haikumwagika.

Osundwa, chungulia dirishani. Tazama ng'ambo ya mizani,
trekta zimepanga foleni hadi barabara ya Chwele.
Yule mwenye leso ya njano ni Nafuna Wekhomba wa Kabula,
ana risiti ya tani kumi na nne na kilo mia mbili.
Unajua tani zake ziko wapi?
Ziko ndani ya huo utupu wako.

Bwana Wepukhulu ndiye aliyeikata diski hii,
mwaka ule miwa ilipoungua na malipo yakakawia hadi Krismasi.
Hakumwamini karani wa katikati.
"Mfumo wa faili," alisema, "ni karani mpole:
unampa barua, anakwambia imefika,
kumbe bado iko mfukoni, anangoja zingine ziwe nyingi
apige safari moja. Umeme wa Bungoma haungoji."
Basi akaipa hifadhidata ardhi mbichi,
bila saraka, bila majina, bila mlango wa mbele,
iandike yenyewe, kwa mkono wake, hadi kwenye chuma,
na ikisema nimeandika, iwe imeandika.

Hakuanzia silinda ya sifuri.
"Hapo pana jina la diski. Ukilima juu ya bikoni
utajuaje shamba liliishia wapi?"
Akairuka, taratibu,
kama mtu anayevuka kizingiti penye mtoto aliyelala.

Kukhu wangu kule Sirisia alikuwa na kishamba kisicho na ua.
Hapakuwa na mkonge, wala mti wa lusiola,
nyasi tu, na ng'ombe wa jirani hawakuingia.
Kila mtu aliwajua waliolala pale.
Akaja mpimaji kutoka wilayani na ramani yake safi,
akaandika: *wazi*.
Hakusema uongo. Aliuliza karatasi.

Osundwa akanywa ile chai yangu, akauliza jambo
ambalo hadi leo sijamaliza kulijibu:
"Sasa mimi ningejuaje?"

Wepukhulu alistaafu. Ikampata sukari, ile isiyouzwa,
na siku hizi hata jina langu hulitafuta polepole.
Nakala za usiku nazichukua mwenyewe, tofali kwa tofali, kwenye tepu,
maana amri za kawaida hupita pale zisione kitu.
Daftari hakuna. Ramani ilikuwa vichwa viwili,
na kimoja kinafutika.

Tukatafuta utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi.
Nikaandika kwa wino mzito, nikaubandika ubavuni mwa mashine:
KIPANDE CHA NNE. USIGUSE. HAPA PANA WATU.

Jumatano joto la feni lilikuwa limeubandua.
Nikaurudisha kwa gundi ya viatu.
Osundwa akaongeza chini yake, kwa mwandiko wake mbaya,
jina langu na namba ya simu,
akasita,
akaongeza yake.